Mwaka wangu ulikuwa mtamu kwa sababu hakuna aliyeniuliza babu yangu ni nani

Wasee, wacha niseme jambo ambalo sina uhakika kama linafaa kusemwa hadharani: 2025 ulikuwa mwaka wangu mzuri zaidi tangu niache chuo.

Najua. Kusema hivyo katika Kenya hii ni kama kucheka matangani. Ni mwaka ambao vijana wenzetu walipigwa risasi tena Juni na Julai. Ni mwaka ambao Albert Ojwang' alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay akiwa mzima, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Ni mwaka ambao asubuhi ya Oktoba 15 simu zote mtaani zililia pamoja kutuambia Raila Odinga amefariki India. Mwaka wa nchi ulikuwa mzito. Lakini mwaka wa nchi na mwaka wa mtu havifanani kila wakati, na wangu, enyewe, ulinyooka.

Wacha nihesabu. Februari nilipata kazi ya kuhariri video, ya mkataba, ya kwanza maishani mwangu inayolipa mwisho wa mwezi badala ya "nitakutumia kesho". Mei nikahama kile chumba cha mabati, nikaingia keja ya mawe yenye maji ndani. Julai nikapanda basi la usiku hadi Kampala, mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Kenya, nikala chapati na mayai za barabarani na kurudi nikijiita mtalii. Agosti 10 nilikuwa Kasarani siku Harambee Stars walipowapiga Morocco 1-0 wakiwa wachezaji kumi. Morocco hao hao ndio baadaye walibeba kombe la CHAN, kwa hivyo usiniambie tulibahatika. Niliimba hadi sauti ikaisha siku mbili. Na Novemba nikalipa deni la mwisho la karo ya chuo ambacho hata sikumaliza.

Sasa, Desemba nimekaa na beshte yangu Eastleigh, tunakunywa shaah, ile chai ya iliki na mdalasini, nikimpigia hizi hadithi zote. Yeye husikiza sana kuliko kuongea. Nilipomaliza akaweka kikombe chini, akaniuliza swali moja tu.

"Kati ya hayo yote, ni gani ungefanya bila kitambulisho?"

Nikacheka. Halafu nikaanza kuhesabu, kicheko kikaisha.

Kazi? Waliitisha nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA, na PIN huipati bila kitambulisho. Keja? Keateka aliniambia bila kitambulisho hapokei hata deposti. Kampala? Pale mpakani Busia sikuwa na pasipoti, nilionyesha kitambulisho tu, nikapewa karatasi, nikavuka. Kasarani? Tiketi nililipia kwa simu, na laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho. Hata lile deni la chuo lililipwa kwa laini hiyo hiyo. Mwaka wangu mzima, wenye kazi, nyumba, safari, mpira na amani ya moyo, ulikuwa umening'inia kwa kadi ndogo ambayo sijawahi kuifikiria hata siku moja.

Yeye huifikiria kila siku.

Wawili kutoka Pumwani

Mimi na yeye tulizaliwa hospitali moja, Pumwani, mwaka mmoja, 1999. Mama zetu huwa wanatania kwamba pengine tulibadilishwa kitandani. Tulisoma shule ya msingi moja, tulicheza bano na chapo dimba kwenye uwanja mmoja wa vumbi, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Tofauti yetu ni kwamba mimi ni Mkikuyu, watu wetu ni wa Murang'a, na yeye ni Msomali, watu wao ni wa Isiolo.

Tulifika miaka 18 mwaka 2017. Tukaenda kuchukua kitambulisho wiki moja.

Mimi nilibeba cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Karani akasoma jina langu, akainua macho. "Wa Murang'a wapi?" Nikamwambia Kangema. Akatabasamu. "Mimi ni wa Kiharu, sisi ni majirani." Akanipaka wino vidoleni akinisimulia vile mvua imekataa kwao. Wiki chache baadaye nikaitwa kuchukua kadi. Kwangu hiyo ilikuwa huduma nzuri tu. Nilitoka pale nikisema serikali imejaribu.

Beshte yangu alibeba makaratasi yale yale, yenye muhuri wa hospitali ile ile. Karani hakuuliza "wa wapi" kwa tabasamu. Aliambiwa arudi siku ya msasa. Siku ya msasa akakuta kamati: wazee, chifu, na maafisa wa usalama ambao hawakujitambulisha. Akaulizwa ukoo wake. Akaulizwa babu yake alizaliwa wapi na kitambulisho chake kiko wapi. Babu yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Akaambiwa atafute. Akatafuta. Akarudi, kamati haijakaa siku hiyo. Akarudi tena, mzee mmoja hayupo. Hesabu yake mwenyewe ni mara kumi na moja.

Alipata kadi baada ya mwaka mmoja na miezi saba. Kwa muda huo uchaguzi wa 2017 ulifanyika mara mbili, Agosti na marudio ya Oktoba, akiutazama kwa televisheni. Nafasi ya kozi aliyokuwa amepata ikaenda kwa mwingine. Mimi niliacha chuo kwa sababu karo ilinishinda na, tuseme ukweli, kwa sababu nilizembea. Yeye hakupata hata nafasi ya kuacha.

Hii ndiyo ninayoita bahati ya rangi, ingawa sisi Wakenya hatupendi neno hilo. Kwetu ubaguzi wa rangi ni kitu cha Wazungu. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Marekani, nusu ya watu ninaowajua walibandika mraba mweusi Instagram. Nami nilibandika. Lakini hapa nyumbani kuna afisa anayeangalia nywele na pua ya mtu, halafu anaamua ni raia au ni mgeni. Haangalii cheti. Anaangalia sura, kisha jina, kisha anaamua kama cheti kinaweza kuaminika. Ukiniuliza, hiyo ni rangi. Tumeipa tu majina mengine, ili Mwafrika akimfanyia Mwafrika mwenzake ionekane ni usalama.

Kasarani mbili

Rudi kwa mpira kidogo. Siku ile ya Morocco, kipenga cha mwisho kilipolia, mtu wa kwanza niliyempigia simu ni yeye. Hakushika. Nilimtumia video ya uwanja ukiwa mwekundu na kijani, watu wakikumbatiana na wasiowajua. Akajibu kwa kidole gumba tu. Nilidhani ni wivu wa mtu aliyekosa tiketi.

Siku hiyo ya Desemba ndipo aliponieleza. "Mimi Kasarani siingii. Mzee alilala huko siku nne."

Aprili 2014 sisi tulikuwa kidato cha kwanza, likizo. Baada ya milipuko Eastleigh mwishoni mwa Machi, serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya polisi waliingia Eastleigh na South C, nyumba kwa nyumba, usiku. Maelfu ya watu walibebwa kwa malori, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kupigwa msasa. Babake alikuwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni. Alimwonyesha afisa. Afisa akaambia kadi hiyo inaweza kuwa ya kununuliwa, twende tukahakikishe. Mama yake alishinda nje ya lango siku nne na chupa ya chai, haruhusiwi kuingia.

Mimi ninakumbuka nini kuhusu Aprili 2014? Ninakumbuka kwamba kwetu, hatua chache kutoka hapo, tulilala usingizi. Ninakumbuka jirani akisema "wacha wasafishe". Sikumbuki nikimpigia beshte yangu simu. Nilikuwa na miaka 15, sawa, lakini miaka kumi na moja imepita baada ya hapo na sikuwahi kumuuliza.

Kwa hivyo kuna Kasarani mbili, na sisi wawili tumeishi kila mmoja kwa yake. Furaha yangu haikuwa ya uongo. Ilikaa tu juu ya kitu ambacho sikutaka kukitazama.

Na kuna jambo linalonichoma zaidi, kwa sababu linahusu familia yangu. Aprili 1954, miaka sitini kamili kabla ya Usalama Watch, Waingereza walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Walikuwa wanatafuta Mau Mau, na njia yao ilikuwa rahisi: Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kando, waliosalia wakaachwa waende. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Guka wangu alikuwa kijana wa miaka 19, mbeba mizigo sokoni. Alipelekwa Lang'ata, halafu Manyani. Hakuwahi kula kiapo, alituambia hadi alipofariki, lakini hakuna aliyemuuliza kama amekula. Waliuliza kabila.

Babake guka naye alivaa kipande. Sheria ilikuwa ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika awe na karatasi ya usajili, ndani ya mkebe wa chuma, shingoni. Wazee wa Kikuyu waliuita mbugi, kengele ya mbuzi. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Kitambulisho cha nchi hii kilianza kama chombo cha rangi, na mtu wangu mwenyewe alikivaa kama mnyama wa kufugwa. Hata wanawake wa nchi hii walisubiri hadi 1978 kuandikishwa kupewa kadi.

Yaani mimi, kitukuu cha mtu aliyevaa mbugi, mjukuu wa mtu aliyepigwa msasa Lang'ata, ndiye niliyelala usingizi 2014. Siku hizi ninajiuliza ni lini hasa familia yetu ilihama upande wa meza.

"Hatuna kabila"

Hapa ndipo ninataka tuongee kama vijana.

Juni 2024, tulipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wimbo wetu ulikuwa kwamba hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna woga. Niliuimba Moi Avenue macho yakitiririka kwa sababu ya gesi. Na bado ninaamini ni kitu kizuri zaidi ambacho kizazi chetu kimewahi kusema. Wazazi wetu walipiga kura kwa kabila, wakauana kwa kabila. Sisi tulisema basi.

Lakini beshte yangu aliniambia kitu siku hiyo ya chai ambacho hakijatoka kichwani. "Wewe unaweza kusema huna kabila. Mimi nikisema hivyo pale kwa kamati, naambiwa nirudi Somalia."

Fikiria hilo. Kuwa bila kabila ni mavazi ya mtu ambaye kabila lake halitiliwi shaka. Ninaweza kulivua jioni nikitoka maandamano, na asubuhi likanisaidia kwa ofisi ya serikali bila mimi kuliomba. Yeye hawezi kulivua, liko usoni.

Na si Wasomali pekee. Wanubi wa Kibra mababu zao waliletwa na Waingereza kama askari wa King's African Rifles, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wamezika vizazi Nairobi kabla ya wengi wetu kujua njia ya kuja mjini, na bado mtoto wa Kinubi hupitishwa kwa msasa. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto hao kwa kuwanyima utambulisho. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais, na baadaye wakatangazwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wa asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44.

Umeona mchezo ulivyo? Wakati sisi tunapiga kelele kwamba hatutaki kabila, kuna watu walitembea kwa miguu kutoka Pwani kuomba kupewa moja, kwa sababu katika nchi hii kabila ndilo mlango wa uraia. Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 12 inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za usajili, na ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini na mengine mengi. Katiba hiyo ilitimiza miaka 15 Agosti 2025, mwezi ule ule nilipokuwa nikirukaruka Kasarani. Lakini kwa ground, anayekufungulia mlango si Katiba. Ni karani.

Lakini usalama je?

Ninajua kuna msomaji ameshaanza kuandika: kijana, umesahau Westgate? Umesahau Garissa?

Sijasahau. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri ambao mimi nimeupita sasa. Nchi ina haki ya kujilinda, na mpaka wetu na Somalia ni mrefu. Pia ni kweli kwamba wako watu walionunua vitambulisho vya Kenya.

Sasa jiulize walivinunua vipi. Walivinunua kupitia mfumo huu huu wa msasa. Ukiweka meza ambayo watu wa sura fulani lazima waipite, umeweka kituo cha ushuru. Mwenye pesa anapita, awe raia au asiwe. Anayebaki nje ni mtoto wa mwenye kibanda ambaye hana cha kutoa. Beshte yangu aliambiwa bei yake mara tatu. Babake alikataa kulipa, akasema mtoto wangu hanunui nchi yake.

Halafu kumbuka shambulizi la Dusit, Januari 2019, watu 21 wakauawa. Aliyetajwa na polisi kuongoza washambuliaji aliitwa Salim Gichunge. Soma hilo jina tena. Je, baada ya hapo kuna mtu yeyote aliyetoa agizo kwamba kina Gichunge wote wapigwe msasa? Kuna lori lililokuja kwetu usiku? Mimi ninatoka upande huo wa nchi na sikuulizwa hata swali moja. Ilisemwa, kwa haki kabisa, kwamba uhalifu ni wa mtu, si wa watu wake. Hiyo ndiyo bahati ninayoizungumzia. Mkosaji akitoka kwetu ni mtu mmoja. Akitoka kwao, ni wao wote.

Na mambo haya hayakuanza na ugaidi. Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya hatari tangu 1963, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Februari 1984 ikatokea Wagalla, Wajir, wanaume wakakusanywa uwanja wa ndege na wanajeshi wa nchi yao wenyewe, wengi hawakurudi. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali peke yao wapigwe msasa, wapewe kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Al-Shabaab ilikuwa haijazaliwa. Kwa hivyo usiniambie msasa ni jibu la Al-Shabaab. Msasa ulitangulia.

Siku nilipotumia jina langu

Februari 2025 Rais Ruto alizuru kaskazini, na akiwa Wajir akatia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Watu walishangilia. Beshte yangu hakushangilia, lakini alifurahi kimoyomoyo kwa sababu ya dada yake mdogo, aliyekuwa anatimiza miaka 18 Machi. Ndugu yangu mdogo naye alitimiza Aprili. Historia ikajirudia, wawili tena, mtaa ule ule.

Ndugu yangu alipata kadi bila hadithi yoyote ya kusimulia. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Yule dada alienda mara ya kwanza, akaambiwa lile tangazo ni la kule mpakani, hapa ni Nairobi. Akaenda mara ya pili, akaambiwa suala hilo liko mahakamani, asubiri. Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kuuza simu dukani. Hana laini kwa jina lake. Mshahara wake unaingia kwa simu ya kaka yake, na akitaka elfu moja ya kununua viatu lazima amwombe. Septemba IEBC ilipoanza tena kusajili wapiga kura kwa ajili ya 2027, wenzake walijipanga kwa foleni. Yeye alipita.

Mara ya tatu, mwishoni mwa Oktoba, nilienda naye. Kaka yake alikuwa kazini, akaniomba nimsindikize tu. Tulipofika kwa dirisha, karani mama wa makamo akatazama fomu, akamtazama msichana, akaanza kusema siku ya kamati. Nikamsalimia. "Shikamoo mama" haiko sana Nairobi, nilimsalimia kwa Kikuyu, vile ninavyomsalimia shangazi yangu. Uso wake ukafunguka. Tukaongea. Akaniuliza kwetu, nikamwambia. Akaniuliza, bado kwa Kikuyu, "Huyu ni wenu?" Nikasema ndiyo, ni dada yetu.

Dakika kumi. Alama za vidole, picha, karatasi ya kusubiri mkononi.

Tulitoka pale nikihisi kama shujaa. Nilimpigia beshte yangu simu nikiwa bado kwenye ngazi, nikamwambia imeisha hiyo. Kukawa kimya upande wa pili. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Asante sana, bro. Kwa hivyo dada yangu alikuwa anahitaji tu Mkikuyu."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Kama ningenyamaza pale dirishani, angerudishwa mara ya nne. Nilipoongea, nilimsaidia yeye, na wakati huo huo nikathibitisha kwamba mlango unafunguka kwa lugha ya nyumbani kwetu. Msichana mwenyewe alisimama katikati yetu sisi wawili, mimi na karani, tukimjadili kwa lugha asiyoielewa, katika ofisi ya nchi yake.

Tufanye nini sasa?

Sitaki kumaliza kwa kujipiga kifua. Hakuna anayenihitaji nilie. Beshte yangu akinisikia nikiomba msamaha kwa ajili ya kuzaliwa Mkikuyu atanicheka, na atakuwa na haki. Pia najua bahati hii si ya milele. Januari 2008 shangazi yangu alitoka Eldoret akipita vizuizi ambavyo vijana walikuwa wanaitisha vitambulisho wasome majina, na siku hiyo jina letu lilikuwa hukumu. Kadi ile ile, jina lile lile. Ndiyo maana ninasema hili si suala la Wasomali wala Wanubi. Nchi inayosoma majina ili kuamua nani ni mtu, siku moja italisoma lako.

Ninachotaka ni vitu vya kawaida. Kwanza, orodha moja ya makaratasi kwa kila Mkenya anayeomba kitambulisho, ibandikwe ukutani, na anayeitisha zaidi ya hapo aandike sababu na jina lake. Kama mtu anashukiwa, achunguzwe yeye, si ukoo wake. Hilo ni jambo la sheria, ni kazi ya wabunge, si la tangazo la rais ambalo karani anaweza kusema halijafika Nairobi. 2027 inakuja, na wagombea watatujia na wimbo wa vijana. Waulizeni hili kabla ya kuwauliza kuhusu wi-fi ya bure.

Pili, sisi wenyewe. Ukisikia utani wa "warya" kwenye mathree, usicheke. Ukiwa kwenye foleni na mtu mbele yako anaulizwa maswali ambayo wewe hukuulizwa, sema kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mtu asikie: "Mbona mimi sikuulizwa hilo?" Nadhani hilo ndilo nilipaswa kusema Oktoba badala ya kuhamia Kikuyu. Lingechukua muda mrefu zaidi. Pengine tungerudishwa wote. Lakini karani angelazimika kujibu.

Na tatu, tukirudi barabarani na wimbo wa kwamba hatuna kabila, tuangalie nani hayupo. Wengine hawaji kwa sababu wakikamatwa, wao hawaulizwi walikuwa wanaandamana kwa nini. Wanaulizwa kwao ni wapi.

Mwaka wangu ulikuwa mtamu na sitaurudisha. Nilifanya kazi kwa bidii, usiku mwingi sikulala, hiyo pia ni kweli. Lakini beshte yangu hufanya bidii kunishinda, na sehemu ya bidii yake inaishia kuthibitisha kwamba yupo.

Juzi nilimuuliza dada yake kama kadi imetoka. Alisema bado, ila kila Jumatatu kabla ya kwenda dukani hupita kuuliza. Ile karatasi ya kusubiri ameiweka ndani ya plastiki ili isichakae. Nimemwambia Jumatatu ijayo nitapita naye. Safari hii nitaongea Kiswahili.